KNCU: Historia Fupi ya Ushirika wa Wakulima wa Kahawa Kilimanjaro

Chama Kikuu cha Ushirika Kilimanjaro, kinachojulikana zaidi kwa herufi KNCU, kiliandikishwa mwaka 1933 na kinahesabiwa miongoni mwa vyama vikongwe vya ushirika barani Afrika, ingawa chimbuko lake ni ugomvi uliotangulia uandikishaji huo. Kahawa ya arabika ilifika mlimani mwishoni mwa karne ya 19 kupitia wamisionari Wakatoliki wa Kilema, na wakulima wa Kichagga wakaipanda chini ya migomba ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba na kurithishwa kizazi hata kizazi. Walowezi wa Kizungu walipinga, wakidai kuwa mibuni ya wenyeji ingeeneza magonjwa. Lakini ni vigumu kutoiona nyuma ya dai hilo hofu nyingine, kwamba Mchagga mwenye kahawa yake hangekuwa na haja ya kwenda kuwa kibarua wao.

Ili kuilinda haki hiyo ya kulima, wakulima, wakiungwa mkono na mtawala wa wilaya Charles Dundas, walianzisha mwaka 1925 chama kilichoitwa KNPA, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo. Chama hicho kilipambana na wadudu waharibifu na kuuza mazao ya wanachama kwa pamoja, lakini pia kilithubutu kupinga mpango wa serikali wa kuandikisha ardhi, jambo lililowatia watawala wasiwasi. Bei ya kahawa ilipoporomoka katika mdororo wa uchumi wa dunia, serikali ilitunga sheria ya ushirika ya mwaka 1932, na KNCU ikachukua nafasi ya KNPA ikiwa na vyama vya msingi 11, huku meneja wake akiwa Mwingereza, A.L.B. Bennett. Chama cha msingi ndicho kilichopokea kahawa ya mkulima na kumpa malipo ya awali, kisha chama kikuu kikauza, na ziada, kama ilikuwepo, ikamrudia mkulima baadaye.

Utaratibu huo ulikuwa na manufaa, ila uliambatana na amri ya mwaka 1934 iliyomlazimisha kila mkulima wa Kichagga kuuza kupitia KNCU. Mwaka 1937, bei ikiwa duni, hasira ililipuka na baadhi ya wakulima wakayashambulia majengo ya vyama vya msingi. Tukio hilo mara nyingi hupitwa haraka katika hotuba za maadhimisho, nalo halistahili kupitwa, kwa kuwa waliofanya ghasia hawakuukataa umoja wenyewe bali kunyimwa sauti ndani yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili bei zilipanda, na mapato ya kahawa yakajenga shule nyingi mlimani; mwaka 1963 Moshi ikapata Chuo cha Ushirika, ambacho leo ni chuo kikuu. Amri ikarudi tena mwaka 1976, safari hii kutoka kwa serikali huru, iliyovifuta vyama vikuu vyote nchini na kukabidhi kahawa kwa mamlaka ya umma. KNCU ilifufuliwa mwaka 1984, lakini ikiwa chini ya mkono wa chama tawala, mpaka sheria ya mwaka 1991 ilipowarudishia wanachama uhuru wa kuendesha mambo yao.

Soko lilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi binafsi walilipa fedha taslimu papo hapo, na mzazi aliyedaiwa ada hakuwa na subira ya kungoja malipo ya majaliwa, yaani nyongeza itolewayo baada ya mnada, hivyo baadhi ya wakulima wakauacha ushirika. Waliobaki walipata mlango mwingine katika biashara ya haki, mfumo ambao mnunuzi wa ng'ambo huahidi bei isiyoshuka chini ya kiwango fulani na kuongeza fungu la maendeleo, ambalo matumizi yake huamuliwa na wanachama wenyewe katika mkutano mkuu.