CD4: Mlango wa virusi vya Ukimwi na funzo la Majengo

KWA miaka mingi, watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, waliijua CD4 kuwa nambari iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Nambari hiyo ndiyo iliyoamua nani aanzishiwe dawa na nani asubiri, hadi Kenya ilipoagiza mwaka wa 2016 kwamba kila aliyeambukizwa atibiwe bila kujali idadi hiyo. Hata hivyo, kinachohesabiwa ni chembechembe za damu zenye protini iitwayo CD4.

Protini hii ni nini?

CD4 hukaa juu ya utando wa chembechembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga ya mwili. Ina sehemu nne zilizochomoza nje ya seli, mfano wa shanga zilizotungwa, na mkia uliozama ndani. Kazi yake ni kuzisaidia chembechembe hizo kutambua vijidudu.

Mnamo 1984 watafiti wa Ufaransa na Uingereza waligundua kuwa virusi vya Ukimwi huinasa protini hiyo ili vipate kuingia katika seli. Mwaka wa 1996 mlango wa pili, CCR5, ulijulikana. Virusi hushika CD4 kwanza, kisha CCR5, ndipo vikapenya.

Hutengenezwaje maabarani?

Jeni ya CD4 ya binadamu ilitambuliwa mwaka wa 1985. Wataalamu huondoa kipande cha jeni kinachounda mkia, kisha hupandikiza kilichosalia katika seli za hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya. Seli hizo zikilishwa katika maji yenye virutubishi na joto la kufaa, huimwaga protini nje, nayo huchujwa na kusafishwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilitumainiwa kuwa protini hiyo ingekuwa chambo cha kuvinasa virusi kabla havijafikia seli. Ilifaulu dhidi ya virusi vilivyofugwa maabarani, lakini virusi vilivyotolewa moja kwa moja kwa wagonjwa viliihimili, na wagonjwa waliopewa hawakupata nafuu iliyotarajiwa. Leo hutumika katika utafiti, kwa mfano kupima iwapo kingamwili zinaweza kuzuia virusi visiishike CD4.

Funzo la Majengo

Mwaka wa 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, walianza kuwafuatilia wanawake waliofanya biashara ya ngono katika mtaa wa Majengo, Pumwani. Miongoni mwao walikuwa Dkt Frank Plummer na Prof Elizabeth Ngugi. Kati ya wanawake 424 waliosajiliwa hadi 1994 wakiwa hawana virusi, 239 waliambukizwa. Lakini wachache hawakuambukizwa, licha ya kukabiliwa na hatari hiyo kwa miaka.

Swali likawa: je, milango ya seli zao ilikuwa tofauti? Miongoni mwa Wazungu, wapo wachache waliorithi CCR5 yenye kasoro inayovizuia virusi. Matokeo ya 1998 yalionyesha kuwa sivyo ilivyokuwa Majengo. Seli za wanawake hao zilipochanganywa na virusi maabarani, ziliambukizwa kama za watu wengine.

Kwa hivyo watafiti waligeukia kinga yenyewe. Waliona chembechembe zinazoua seli zilizoambukizwa, na baadaye wakaona kuwa kinga ya wanawake hao ilikuwa tulivu, hivyo virusi vilipata seli chache za kushambulia.

Kinga hiyo haikuwa ya kudumu. Baadhi ya wanawake walioacha biashara hiyo kwa muda kisha wakairejelea waliambukizwa.

Maarifa hayo yalichangia chanjo iliyoundwa na wanasayansi wa Oxford na Nairobi, ikaanza kujaribiwa jijini mwaka wa 2001. Mnamo 2004 ilibainika kuwa iliamsha kinga hafifu mno.

Hadi leo hakuna chanjo ya Ukimwi iliyoidhinishwa. Kinachowakinga wakazi wa Majengo ni kondomu, upimaji, vidonge vya kuzuia maambukizi na dawa kwa walioambukizwa. Nao wanawake waliotoa damu yao waliufundisha ulimwengu kuwa mlango ukiwa wazi si lazima adui aingie.