Kila Mtoto na Ubao Wake

Tuisheni haikuanza na walimu wa hesabu wanaobandika namba za simu kwenye nguzo za umeme. Kwa sisi wa pwani, mwanzo wake mimi nauona chuoni, pale palipofundishwa Kurani. Watoto wamejaa mkekani, kila mmoja na ubao wake na somo lake. Huyu yuko kwenye alifu, yule ameshafika Yasini, sauti zote zinapanda pamoja. Mgeni angedhani ni fujo. Lakini mwalimu alimwita mmoja mmoja, akamsikiliza, akamsahihisha, ndipo ubao ukaoshwa na kuandikwa somo jipya. Asiyehifadhi hakuvushwa eti kwa kuwa wenzake wamevuka. Bakora nayo ilikuwapo, tusipambe.

Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga miaka ya 1890, ulikuja mpango mwingine: ubao mmoja mbele, darasa zima mwendo mmoja.

Huko Uingereza, stempu ya peni moja ilipoanza mwaka 1840, Isaac Pitman alifundisha hatimkato kwa posta. Mwanafunzi alinakili aya za Biblia, akazituma, zikamrudia zimesahihishwa. Mwalimu wako mwenyewe, kwa bei ya stempu!

Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chicago aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake aliwapita takriban asilimia 98 ya waliofundishwa darasani kwa kawaida. Watafiti wa baadaye walipata tofauti ndogo zaidi. Swali lake la gharama halijajibiwa: nani amlipe mwalimu mmoja kwa kila mtoto?

Kenya ilichukua njia ya marufuku. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Nia naielewa, maana mwalimu anaweza kubakiza nusu ya somo kwa wanaolipa. Ila mwenye uwezo humwita mwalimu sebuleni, na hakuna mkaguzi anayebisha hodi hapo. Anayebaki bila msaada ni mtoto wa mama mboga.

Sasa tunaahidiwa programu za simu zitakazomfuata kila mtoto kwa mwendo wake, kama chuoni. Mimi huanza kwa kutazama zinakula bando kiasi gani, kwa sababu ziko nyumba zenye simu moja tu, na hurudi na baba saa tatu usiku, chaji imeisha.