Mikondo Miwili ya Mafunzo ya Ukarimu: Njombe na Makambako katika Historia ya Kazi za Hoteli Tanzania, 1965–2012

Historia ya mafunzo ya wafanyakazi wa utalii na ukarimu nchini Tanzania kwa kawaida husimuliwa kutokea Dar es Salaam na Arusha, kwa kuwa huko ndiko viliko vyuo, hoteli kubwa na nyaraka. Insha hii inaitazama historia hiyo kutokea Njombe na Makambako. Hoja kuu ni kwamba katika miji hii kazi ya kupokea wageni ilikuzwa na barabara na reli kuliko utalii. Kwa sababu hiyo, mafunzo yaliyobuniwa kwa ajili ya kumhudumia mtalii yaliwaacha kando wahudumu wa msafiri wa kawaida.

Mkondo wa kwanza ni ule wa dola. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kilianzishwa Dar es Salaam chuo cha mafunzo ya hoteli na utalii. Mwaka uliofuata ulizuka mjadala magazetini kuhusu iwapo utalii unaweza kupatana na ujamaa. Michango yake ilihaririwa na Issa Shivji na kuchapishwa kitabuni mwaka 1973. Pamoja na tofauti zao, wapinzani na watetezi wa utalii walishiriki dhana moja: mgeni ni mtu wa kutoka ng'ambo. Dereva wa lori na mfanyabiashara wa viazi hawakuwamo katika picha hiyo.

Mkondo wa pili ulianzia barabarani. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ililazimika kusafirisha mafuta na bidhaa zake kupitia Dar es Salaam, na malori yakaongezeka katika barabara ipitayo Makambako. Kati ya 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, na Makambako ikapata stesheni. Kwa kuwa ndipo pia inapochepuka barabara ya Njombe na Songea, mji huo ukawa njia panda ambapo msafiri hula, hulala na kubadili gari. Lugha yenyewe inahifadhi historia hii: kwa msemaji wa kawaida, "hoteli" ni mahali pa kula, na mahali pa kulala ni "gesti".

Wahudumu wa sehemu hizo walijifunza wapi? Mafunzo hayakukosekana, ila hayakuitwa mafunzo. Shule za misheni zilizoingia Ubena na Ukinga tangu mwishoni mwa karne ya 19 ziliwafundisha wasichana kazi za nyumbani, na baadaye somo la sayansikimu liliendeleza sehemu ya stadi hizo. Kuanzia 1975 vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa kwa msaada wa Sweden, vilitoa stadi kama upishi na ushonaji. Wasichana wengi wa Njombe na Makete walijifunza kutandika, kupika na kuandaa meza wakiwa wafanyakazi wa ndani mijini. Wengine walijifunza jikoni kwa mama lishe. Dola iliwafahamu wahudumu hawa zaidi kupitia bwana afya na mkusanya ushuru kuliko kupitia mwalimu. Iliwaona kama watu wa kupimwa afya na kutozwa ada, si kama wenye ujuzi.

Mageuzi ya baadaye yalipunguza pengo hilo bila kuliziba. Sheria ya 1994 iliunda VETA, na mwaka 2003 Chuo cha Taifa cha Utalii kikawa wakala wa serikali. Kampasi zake, hata hivyo, zilikuwa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, ilileta matumaini ya utalii Makete, na mwaka 2012 Njombe ikawa mkoa. Hata hivyo, kijana aliyetaka cheti cha chuo hicho alilazimika kusafiri mbali na kusoma kwa Kiingereza, ilhali wageni wengi aliowahudumia nyumbani walizungumza Kiswahili. Hatua iliyokaribia zaidi mkondo wa pili ni mpango wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao uliwahusisha wapishi na wahudumu wa vyakula. Mpango huo ulikiri kwamba jiko la kando ya barabara nalo ni darasa.

Suala hili linagusa ujira na heshima: asiye na cheti huhesabiwa kuwa hana ujuzi, na asiye na ujuzi hulipwa kidogo. Kwa mtafiti, hitimisho ni kwamba kumbukumbu za leseni za biashara na za ukaguzi wa afya katika halmashauri zinastahili kusomwa kama nyaraka za historia ya elimu. Kwa mtunga mtaala, kipimo cha mafunzo ya ukarimu kisiwe mtalii peke yake. Kimjumuishe pia abiria anayeshuka Makambako usiku, katika baridi, akitafuta chakula cha moto na kitanda safi.