Adui wa mtambo wa kuondoa chumvi si chumvi

MWISHONI mwa mwaka wa 2008, maji ya Ghuba ya Oman na Ghuba ya Uajemi yaligeuka yakawa na rangi ya kahawia iliyokaribia wekundu.

Viumbe wadogo mno wa jamii ya mwani, ambao wataalamu huwaita Cochlodinium polykrikoides, walikuwa wamezaana kupita kiasi. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miezi minane. Samaki walikufa kwa wingi, na mitambo kadhaa ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari ikalazimika kuzimwa, katika nchi ambazo hazina mito ya kutegemea.

Kilichoizima mitambo hiyo ni tatizo linalowasumbua wahandisi wa maji kote ulimwenguni, nalo ni kuziba kwa vichujio na tando.

Utando tunaouzungumzia ni ngozi nyembamba ya plastiki iwezayo kupitisha maji na kuzuia chumvi. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, wa Chuo Kikuu cha California jijini Los Angeles, ndio walioufanya ufae kwa kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950. Mnamo 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, ukaanza kunywa maji yake.

Maji ya bahari hayapiti hapo kwa hiari. Pampu huyasukuma kwa shinikizo la baa 55 hadi 70, ilhali gurudumu la gari dogo hutosheka na baa 2 na ushei. Chochote kisichopenya husalia juu ya utando: tope, mabaki ya mimea, bakteria. Kadiri uchafu unavyorundikana ndivyo pampu inavyotakiwa kusukuma zaidi, na gharama ya umeme nayo hupanda.

Baadhi ya uchafu huo ni chumvi zenyewe zinazoganda, mithili ya ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Ukoko wa kalsiamu huyeyuka kwa asidi. Ule wa silika ni mkaidi zaidi, jambo la kuzingatiwa katika Bonde la Ufa, ambako maji ya visima vingi hupita kwenye miamba ya volkano na mara nyingi huwa na floridi ya kupindukia.

Hata hivyo, bakteria ndio wasumbufu kuliko wote. Tope likichujwa likapungua kwa asilimia 99, limepungua. Bakteria wakipunguzwa kwa kiwango hicho hicho, wachache waliobaki hujishika kwenye utando, wakatoa ute wa kujifunika na kuzaana upya.

Msomaji atauliza kwa nini wasiuawe kwa klorini. Taabu ni kwamba tando nyingi za kuondoa chumvi hutengenezwa kwa poliamidi, nayo klorini huila. Kwa hivyo klorini ikitiwa mwanzoni sharti iondolewe kabla maji hayajaufikia utando. Isitoshe, klorini huvunja-vunja mabaki ya viumbe majini yakawa chakula chepesi kwa bakteria walionusurika. Dawa yenyewe, basi, huweza kumlisha adui.

Katika mitambo ya maji taka tando huzamishwa ndani ya tope lenyewe. Huko, viputo vya hewa hupulizwa kutoka chini ili visugue uchafu, na kila baada ya dakika chache maji husukumwa kinyumenyume. Tando hizo nyingi ni za plastiki nyingine inayostahimili klorini, hivyo kazi huwa na nafuu kidogo.

Kinga bora ni kuyasafisha maji kabla. Baada ya mkasa wa 2008, mitambo mipya kadhaa ya Ghuba iliwekewa matangi ambamo viputo vidogo huelesha mwani juu ya maji ili ukwanguliwe. Kipimo kinachotumiwa sana hupitisha maji katika kichujio chenye matundu ya mikroni 0.45 kwa dakika 15 na kuangalia kasi inavyopungua. Faharasa ikizidi 5, maji hayo hayafai kufikishwa kwenye utando.

Hapa Kenya mitambo midogo ya aina hii imeanza kuonekana. Ule wa Kiunga, Kaunti ya Lamu, ulianza mwaka wa 2018 ukitumia nguvu za jua. Ni jambo la kupongezwa, lakini hafla za kuzindua miradi huhudhuriwa na wengi, na siku ya kuosha tando huhudhuriwa na fundi peke yake, iwapo yupo na iwapo dawa zimenunuliwa.

Fundi huyo hupaswa kuosha mapema, maji yanapopungua kwa takriban asilimia 10 hivi. Kwa kawaida huanza na dawa ya magadi ili kuondoa ute, kisha asidi ya kuondoa ukoko. Akitanguliza asidi, ute huweza kushikamana zaidi. Na akingoja hadi mtiririko upungue nusu, mara nyingi hakuna dawa itakayourejesha utando katika hali yake. Itabidi anunue mwingine.