Makaya ya Wamijikenda na Historia ya Ruzuku Ndogo

Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Uganda, akiulizwa maana ya neno "kaya", hujibu kuwa ni watu wakaao pamoja na kula chungu kimoja. Jibu hilo ni sahihi, walakini halikutimia. Kwa Wamijikenda wa mwambao wa Kenya, kaya ni mji wa kale uliojengwa katikati ya msitu mnene, wenye njia chache za kuingilia, malango, makaburi ya wahenga na fingo, yaani kinga iliyozikwa na waasisi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi misitu hiyo ilivyonusurika, na jinsi fedha kidogo zilivyopata nafasi katika kazi hiyo.

Wamijikenda ni makabila tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakambe, Wakauma, Waribe na Wajibana. Masimulizi yao yasema kwamba walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakifukuzwa na maadui, wakajenga miji yao ndani ya misitu ili wajihami. Baadaye, amani ilipopatikana na mashamba kuhitajiwa, watu walihamia nje. Hata kufika miaka ya 1940 makaya yalikuwa hayakaliwi tena. Lakini hayakuachwa ukiwa. Wazee wa kambi, ambayo ndiyo baraza la kaya, waliendelea kuyatunza kwa miiko: mti haukatwi, mifugo hailishwi humo, na aingiaye huingia kwa idhini.

Serikali ya kikoloni haikuwa na huruma na mahali hapo. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alipowahimiza watu wake wakatae kodi na kazi ya kulazimishwa, walikusanyika kayani na kula kiapo. Mwaka 1913 alikamatwa akapelekwa uhamishoni Kisii, na Agosti 1914 askari wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Watawala walikuwa wametambua kwamba nguvu ya watu ilikuwa imejificha pale msituni.

Baada ya uhuru adui alibadilika sura. Ardhi ya pwani ilipanda thamani, hoteli zikajengwa kandokando ya bahari, na mbao zikatafutwa kwa bidii. Vijana wengi hawakuogopa tena miiko. Hata vigango, ile miti ya kuchongwa isimamishwayo na Wagiriama kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu, viliibwa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa sanaa ng'ambo. Viwili kati ya hivyo, vilivyoibwa mwaka 1985, vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007. Ndipo yapasa kukumbuka kwamba fedha za wageni zaweza kubomoa kama ziwezavyo kujenga.

Mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuyatangaza makaya kuwa kumbukumbu za taifa, na Makumbusho ya Taifa yakaunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani. Mwaka huohuo, katika medani ya dunia, ulianzishwa mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, unaosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kanuni zake zilikuwa ngeni kwa wafadhili wa siku hizo. Ruzuku kwa kawaida haikuzidi dola 50,000. Ilipewa kikundi cha wananchi, si wizara. Maombi yalipimwa na kamati ya nchi yenyewe, ambayo wengi wa wajumbe wake si watumishi wa serikali. Na wananchi nao walichangia, ikiwa si kwa fedha basi kwa nguvu zao. Walimu watambue kwamba "ruzuku" na "riziki" ni maneno ya shina moja. Tofauti ni kuwa riziki hungojewa kwa Mola, ilhali ruzuku hii yadai jasho na hesabu.

Mfano bora ni mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993 kwa ruzuku ya mpango huo, makao yake yakiwa Gede, penye magofu ya mji wa Waswahili ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948. Jirani yake ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi. Wakulima wengi wa kando ya msitu walitamani ukatwe wapate mashamba, kwa maana ndovu na nyani waliwaharibia mazao na wao hawakupata faida yoyote. Mradi ukawafundisha kufuga vipepeo: kuwalisha viwavi majani ya msituni, kisha kuuza mabuu kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mti uliokuwa kuni ukawa malisho. Mwaka 2001, kwa juhudi za shirika jingine, ulianza mpango wa kuwatembeza wageni katika msitu huo na ghuba ya Mida, wakipita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko. Mapato yake yalilipa karo za watoto wa sekondari.

Mwaka huohuo wa 2001 wazee wa Kidigo wa Kaya Kinondo, karibu na Diani, walianza kupokea wageni. Msitu wao ni mdogo, kama hekta 30. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huongozwa na mwenyeji, na huenda pale tu anaporuhusiwa. Hapa ndipo penye siri ya kufaulu: fedha zilitangulia kukuta sheria. Mwaka 2008 makaya kadhaa yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Na mwaka 2009 mila zake ziliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Orodha hiyo ya pili ni onyo, maana msitu waweza kubaki umesimama huku wazee waliojua maneno yake wamekwisha.

Kazi hiyo yatuhusu sisi walimu. Ruzuku huombwa kwa maandishi, na mara nyingi kwa Kiingereza. Mzee ajuaye kila mti hana budi kumtegemea mtu mwingine aseme kwa niaba yake. Mwandishi wa namna hiyo akiwa hajui tofauti ya kaya na msitu wa kawaida, ataomba fedha za jambo lisilokusudiwa. Tuwafundishe wanafunzi kuandika barua, kumbukumbu za mikutano na hesabu kwa Kiswahili safi, na kuyanukuu maneno ya wazee kabla hayajazikwa. Dola elfu chache zaweza kununua uzio. Jina la mti na sababu ya kutoukata hazinunuliki.