WAZEE WETU KATIKA VITA VYA 1914–1918
Kutafuta habari za ndugu wawili

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka mia moja ya Usharika wetu, yatupasa kuwakumbuka pia wale walioishi kabla kengele ya kanisa hili haijapigwa kwa mara ya kwanza. Wengi wa wazee walioketi katika mabenchi yake ya mwanzo walikuwa wametoka vitani, au walikuwa wamefiwa na ndugu zao huko. Makala hii yaeleza jinsi ukoo wetu ulivyotafuta habari za ndugu wawili waliochukuliwa na vita hivyo. Ni matumaini yetu kwamba koo nyingine nazo zitapata njia ya kuwatafuta watu wao.

Vita Kuu vya Kwanza vilianzishwa na mataifa ya Ulaya, lakini katika nchi yetu viliwagombanisha ndugu kwa ndugu. Vilipoanza Agosti 1914, jeshi la Wajerumani lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500, na baadaye walizidi 11,000. Upande wa Waingereza, kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya, kilifikia zaidi ya watu 30,000 kabla ya vita kwisha. Askari wa pande zote mbili walielewana kwa Kiswahili, hata walipopigana. Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliuteka mji wa Moshi, na watu wa Kilimanjaro wakajikuta chini ya mtawala mpya ilhali vita vingali vikiendelea kusini.

Katika ukoo wetu ilisemwa daima kwamba mkubwa wa ndugu hao "alikwenda na Mjerumani, akarudi na Mwingereza." Wengine waliyasema maneno hayo kwa kicheko. Wengine waliyaona kuwa aibu, wakidhani kwamba mzee alikuwa msaliti. Historia ya jeshi imetufundisha vinginevyo. Mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni ya sita ya Keya, na wengi wa askari wake walikuwa watu waliotekwa baada ya kuwatumikia Wajerumani. Kwa mateka, utumishi mpya ulimaanisha mshahara na chakula badala ya kifungo. Vita vile havikuwa vyake tangu mwanzo. Basi ni vigumu kusema kwamba alimsaliti yeyote.

Ushahidi ulitoka katika medali iliyotunzwa na shangazi yetu. Medali za Keya ziliandikwa ukingoni namba, cheo na jina la mwenyewe. Jina tulilolikuta halikuwa la ukoo, wala la ubatizo, kwa maana mzee alibatizwa baada ya vita. Lilikuwa jina la kambini. Hivyo mtu mmoja alikuwa na majina matatu, na asiyejua hilo angeweza kudhani kuwa ni watu watatu. Anayetafuta habari za babu yake na aanze kwa kuwauliza wazee majina yote, pamoja na rika lake. Kisha asome vitabu vya usharika, ambapo jina la baba huunganisha yale mengine. Ndipo aende kwenye Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam, au aandike barua kwa hifadhi za Uingereza na Ujerumani.

Habari za mdogo ni za huzuni zaidi. Yeye hakubeba bunduki, bali mzigo. Wapagazi walichukua unga, risasi na majeruhi katika nchi ambayo mbung'o waliua farasi na ng'ombe. Waliugua malaria, nimonia na kuhara damu. Waliozoea ndizi walilishwa unga wa mahindi, mara nyingi haujaiva vizuri, nao uliwadhuru sana. Kwa hesabu rasmi, wapagazi wapatao 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa, na wanahistoria wengi huona kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi chao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa jijini humo mwaka 1927 haina jina la hata mmoja wao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Mdogo wa babu yetu ni mmoja wao. Tulimtafuta katika orodha za jeshi, hatukumwona. Tulimkuta katika kitabu cha ubatizo cha kituo mama cha misioni, mstari mmoja kwa mwandiko wa Kijerumani: jina lake, baba yake, kijiji chake, siku aliyobatizwa kabla ya vita. Safu ya kifo imeachwa tupu. Wamisionari wa Leipzig walipoondolewa nchini mwaka 1920, walimu wenyeji ndio waliobaki na kundi, wakafundisha, wakazika, wakavitunza vitabu hivyo. Kama wasingefanya hivyo, pasingebaki andiko lolote la kuonyesha kwamba kijana yule aliwahi kuishi.

Kwa hiyo tunaliomba Baraza la Wazee mambo mawili. Kwanza, vitabu vya zamani vinakiliwe na kuhifadhiwa mahali pasipofikiwa na mchwa wala unyevu. Pili, kila ukoo ulete majina ya watu wake waliochukuliwa na vita hivyo, wawe wa upande wa Mjerumani au wa Mwingereza, askari au wapagazi, nayo yaandikwe katika ubao mmoja ndani ya kanisa. Wazee wenye kumbukumbu hizo wamebaki wachache. Tuwaulize sasa, wangali nasi.