Maombolezo kwa Margaret Urquhart

Niel Gow (1727–1807), mpiga fidla mashuhuri wa Perthshire, Scotland, aliishi katika kijiji cha Inver karibu na Dunkeld, akitumbuiza kwenye ngoma za makabaila chini ya ufadhili wa Madyuki wa Atholl. Mwaka 1787, mchoraji Henry Raeburn alichora picha yake akiwa na fidla mkononi.

Baada ya kufiwa na mke wa kwanza, aliyemzalia watoto wanane, Gow alimwoa Margaret Urquhart wa mjini Perth mwaka 1768. Waliishi pamoja kwa amani hadi Margaret alipofariki mwaka 1805. Mzee Gow, aliyekaribia miaka 80, alimlilia kwa nyuzi: akatunga “Maombolezo ya Niel Gow kwa Kifo cha Mke Wake wa Pili”.

Muziki huu hauna maneno. Hupigwa polepole, na ingawa ni wa msiba, sauti yake ni ya shukrani kuliko kilio. Ndiyo maana hupigwa mazishini na harusini pia. Gow alifariki mwaka 1807, akazikwa Little Dunkeld. Wapiga fidla wa Scotland wangali wanaupiga muziki huo hadi leo.